Sifa na Ujira wa Mjumbe wa Baraza la Kata: Uchambuzi wa Sheria katika Mazingira ya Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera

IKISIRI

Makala hii inaeleza jinsi sheria za Tanzania zinavyoweka sifa za mjumbe wa Baraza la Kata na jinsi zinavyoliacha wazi suala la ujira wake. Wilaya za Ngara na Biharamulo zimechukuliwa kuwa mahali pa uchambuzi kwa sababu historia ya uhamaji na ujirani wa mipaka ya nchi huzipa sifa hizo uzito usioonekana katika maandishi ya sheria pekee. Hoja kuu ni kwamba udhaifu uliolaumiwa katika mabaraza haya ulitokana zaidi na chanzo cha fedha za kuyaendesha kuliko uhaba wa elimu ya wajumbe, na kwamba marekebisho ya mwaka 2021 yaliondoa mamlaka ya uamuzi bila kukigusa chanzo hicho.

1.0 Utangulizi

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mgogoro wa ardhi huanza mahali padogo. Ngara, ambako vijiji vimekaa juu ya vilima na vibanja vya migomba na kahawa vimegusana, chanzo chaweza kuwa mstari wa minyaa uliosogezwa hatua mbili tatu, au mjane anayetakiwa na ndugu wa marehemu kuondoka katika kibanja alichokilima kwa miaka mingi. Biharamulo, wilaya iliyokuwa na mapori mapana na ambayo imepokea wakulima na wafugaji wengi kutoka mikoa ya jirani, chanzo chaweza kuwa eneo ambalo mtu aligawiwa na uongozi wa kijiji bila maandishi ya kutosha, au mifugo iliyoingia shambani. Kwa miongo kadhaa msikilizaji wa kwanza wa mashauri ya namna hii hakuwa hakimu. Alikuwa mkazi wa kata hiyohiyo, mara nyingi mkulima kama walivyo wadaawa wenyewe, aliyechaguliwa kuketi katika Baraza la Kata.

Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi Na. 2 ya mwaka 2002, Sura ya 216, ilimpa mkazi huyo mamlaka makubwa. Baraza liliweza kuamua umiliki wa ardhi ambayo thamani yake haikuzidi shilingi 3,000,000, kuamuru mtu arudishiwe ardhi, kuamuru fidia na kuweka zuio. Kwa familia nyingi za vijijini, kiwango hicho kilitosha kuichukua ardhi yote waliyo nayo. Hata hivyo mtu aliyekabidhiwa mamlaka hayo hakutakiwa kuwa na kiwango chochote cha elimu, wala hakupewa mshahara. Mapengo haya mawili, la sifa na la ujira, hutajwa pamoja katika mijadala mingi kana kwamba ni tatizo moja. Makala hii inayatenganisha, kwa kuwa uzito wake haulingani.

2.0 Mwamuzi kabla ya Baraza la Kata

Swali la nani amlipe mwamuzi wa kijijini si geni katika eneo hili. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa na uhusiano wa karibu na ufalme wa Burundi kabla ya mipaka ya kikoloni kuiweka upande wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ng'ambo ya mpaka huo, upande wa Burundi, wazee waliotawazwa kwa jina la abashingantahe walisuluhisha migogoro bila mshahara. Heshima ndiyo iliyokuwa malipo yao, pamoja na pombe iliyonywewa pande zote mbili zikiwapo. Desturi hiyo ilikuwa na mantiki yake: kinywaji kilitolewa hadharani, kikashirikiwa na wote, na hakuna aliyeweza kukipeleka nyumbani kwa mzee usiku.

Utawala wa Waingereza uliliona jambo hili kwa jicho la hazina. Chini ya mfumo wa utawala wa wenyeji ulioimarishwa kwa sheria ya mwaka 1926, tozo za jadi kwa watemi zilibadilishwa kuwa kodi, na mtemi, ambaye pia alikuwa mkuu wa baraza la kesi, akalipwa mshahara kutoka hazina ya wenyeji. Mfumo huo ulikuwa na dosari kubwa, ya kwanza ikiwa ni kumfanya mtawala na mwamuzi kuwa mtu mmoja. Lakini ulikiri jambo ambalo sheria za baadaye zililisahau: mwamuzi asipolipwa na umma hulipwa na mwenye kesi.

Baada ya uhuru, utemi ulifutwa mwaka 1963, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo iliziingiza mahakama za wenyeji katika Idara ya Mahakama. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo akawa mwajiriwa wa serikali anayeketi na wazee wa baraza. Usuluhishi wa ngazi ya chini ulirudishwa kwa wananchi kwa sura nyingine, na hatimaye Sheria ya Mabaraza ya Kata Na. 7 ya mwaka 1985, Sura ya 206, ikaunda chombo kinachojadiliwa hapa. Sheria hiyo ilipitishwa muda mfupi baada ya serikali za mitaa kurejeshwa, nayo ilijengwa juu ya tumaini kwamba halmashauri zilizofufuliwa zingekuwa na uwezo wa kuyabeba mabaraza hayo.

3.0 Sifa zinazotajwa na zisizotajwa

Baraza la Kata lina wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane. Sura ya 216 iliongeza sharti kwamba watatu kati yao wawe wanawake. Huchaguliwa na kamati ya kata kutoka miongoni mwa wakazi wa kata, na mwenyekiti huteuliwa kutoka miongoni mwao. Katibu si mjumbe. Huteuliwa na halmashauri kwa mapendekezo ya kamati ya kata, na kazi yake ni kuandika na kutunza kumbukumbu.

Neno "kuchaguliwa" linahitaji uangalifu. Mwananchi wa kawaida hapigi kura. Anayepiga kura ni kamati ambayo mwenyekiti wake ni diwani na ambayo wenyeviti wa vijiji ni sehemu yake. Sheria inawazuia viongozi wa kisiasa kuwa wajumbe wa Baraza, lakini inawaachia kazi ya kuwachagua. Mjumbe anayetaka kuchaguliwa tena muda wake utakapokwisha hana budi kukumbuka ni akina nani waliomweka pale, na shauri linalomhusu mwenyekiti wa kijiji aliyegawa ardhi hiyohiyo mara mbili hulipima kumbukumbu hilo.

Kuhusu sifa zenyewe, mtindo wa sheria ni wa kukataza. Mfano ulio wazi zaidi umo katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, inapozungumzia Baraza la Ardhi la Kijiji, chombo kilicho chini ya Baraza la Kata. Baraza hilo lina wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake, wanaopendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Hawaruhusiwi mbunge, mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, hakimu mwenye mamlaka katika wilaya hiyo, asiye mkazi wa kijiji, mwenye ugonjwa wa akili, aliyepatikana na hatia ya kosa la kukosa uaminifu, na asiye raia. Sifa chanya zinazotakiwa kuzingatiwa ni mbili tu: sifa njema ya mtu kijijini kwa uadilifu, na ujuzi wake wa sheria za kimila za ardhi.

Wapo wanaouona mtindo huu kuwa uzembe wa mtunga sheria. Tathmini hiyo haiwatendei haki waliouandika. Kinachotakiwa katika mgogoro wa mpaka huko Rulenge au Nyakahura ni kujua nani alipanda minyaa ile, lini, na mbele ya nani. Ni kumwelewa bibi anayetoa ushahidi kwa Kihangaza, Kishubi au Kisubi, na kutambua kwamba neno alilotumia lina maana ya kuazimwa shamba wala si kupewa. Cheti cha kidato cha nne hakitoi ujuzi huo. Aidha, sharti la elimu ya sekondari, likiwekwa juu ya sharti la wanawake watatu, lingewaondoa kwanza wanawake wazee, ambao ndio wenye kumbukumbu ndefu za urithi na ndoa. Sheria yenyewe imelizingatia jambo hili kwa kuliondolea Baraza kanuni za ushahidi na za mwenendo wa mashauri na kuwazuia mawakili kusimama mbele yake kwa nafasi hiyo.

Elimu inahitajika mahali pamoja, nako ni kwa katibu. Suala hili litarejewa katika sehemu ya 6.0.

4.0 Uraia kama sifa, mahali palipo na mpaka

Katika wilaya nyingi za Tanzania sharti la uraia hupita bila kuulizwa. Ngara si mojawapo. Wilaya hiyo inapakana na Rwanda na Burundi. Lugha ya Kihangaza inakaribiana sana na Kirundi. Familia nyingi zina ndugu pande zote. Mwishoni mwa Aprili 1994 takribani Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi, na Benaco ikageuka kwa muda kuwa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Wengi walirudishwa Desemba 1996, na kambi ya Lukole, iliyowapokea Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita kuwatafuta wahamiaji wasio na kibali.

Katika mazingira hayo, pingamizi dhidi ya uraia wa mjumbe ni silaha inayopatikana kwa urahisi. Mdaawa anayehofia kushindwa haitaji kuthibitisha kwamba mjumbe amepokea rushwa. Inatosha kunong'ona kwamba babu yake alitoka ng'ambo. Sheria imeweka sharti, lakini haikueleza ni hati gani inalithibitisha wakati wa uchaguzi, wala ni nani mwenye mzigo wa kuthibitisha baadaye. Athari yake huwafikia pia wale wasiopingwa kamwe, kwa kuwa mtu mwenye jina au lafudhi inayoweza kutiliwa shaka ana sababu ya kutojitokeza kabisa, hata kama familia yake ilikuwapo Bugufi kabla ya mpaka kuchorwa. Utaratibu wa kuthibitisha uraia mara moja, siku ya uchaguzi, na kuyafungia mlango mapingamizi yaletwayo katikati ya shauri, ungegharimu karatasi tu.

5.0 Ujira

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inaulinda ujira wa majaji wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani kwa kuuweka katika Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo ni mtumishi mwenye mshahara. Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni mwanasheria anayeteuliwa na Waziri na kulipwa na serikali. Kadiri ngazi inavyoshuka, ulinzi huo unapungua, na katika kata haupo tena. Mjumbe hayumo katika orodha yoyote ya mishahara. Hutegemea posho, na posho hutegemea uwezo na utashi wa halmashauri ya wilaya.

Uwezo huo ulipata pigo mwaka 2003, pale kodi ya maendeleo, iliyokuwa mojawapo ya vyanzo vya ndani vya halmashauri, ilipofutwa. Wananchi walikuwa na sababu nzuri za kuichukia kodi hiyo, na kufutwa kwake kulikuwa nafuu kwa maskini. Lakini mfuatano wa tarehe unapaswa kutazamwa: sheria ya mwaka 2002 iliongeza mamlaka ya Mabaraza ya Kata juu ya ardhi, na mwaka uliofuata chanzo cha fedha za kuyaendesha kikapunguzwa. Halmashauri za pembezoni, zisizo na viwanda wala miji mikubwa ya kutoza ushuru, zilibaki na chombo chenye kazi nyingi zaidi na fedha kidogo zaidi.

Pengo lilizibwa na wadaawa. Kufungua shauri kulikuwa na ada, karatasi ilinunuliwa, na wajumbe walipotakiwa kwenda kuona eneo la mgogoro, nauli na chakula chao vilitoka kwa mlalamikaji au kwa pande zote mbili. Katika wilaya ambazo kata moja yaweza kuwa na vijiji vilivyoachana kwa mwendo wa saa kadhaa, ziara hiyo si gharama ndogo. Mlalamikaji asiye na fedha huambiwa asubiri. Mwenye nazo humwona mjumbe akipanda pikipiki aliyoilipia yeye.

Hapa panahitaji tofauti ya kimaana ambayo mjadala wa rushwa huifunika. Mjumbe aliyelipiwa nauli na upande mmoja huenda hajapindisha chochote. Amefanya kazi ya umma kwa fedha pekee iliyokuwapo. Lakini upande ulioshindwa hauna namna ya kujua, na uamuzi ulio sahihi kabisa hutoka barazani ukiwa tayari umetiliwa shaka. Ibara ya 107B ya Katiba inazitaka mahakama ziwe huru katika kutoa haki. Mwamuzi anayelishwa na mdaawa hawezi kuuonesha uhuru wake hata akiwa nao.

6.0 Gharama ya kutolipa: akidi na kumbukumbu

Hasara ya mfumo huu ilionekana zaidi katika rufaa. Mahakama Kuu, na hatimaye Mahakama ya Rufani, zilifuta mienendo ya mabaraza mengi kwa sababu ya muundo usio sahihi: wajumbe waliosikiliza hawakutimiza idadi, kumbukumbu hazikuonesha ni nani walioketi au kama wanawake walikuwapo, mjumbe aliyeketi siku ya kwanza siye aliyetia saini uamuzi, au katibu alihesabiwa miongoni mwa waamuzi. Mkanganyiko mmoja ulitokana na kifungu cha 14 cha Sura ya 216, kinachoruhusu wajumbe watatu, mmoja akiwa mwanamke, katika usuluhishi. Mabaraza mengine yaliketi na wajumbe watatu katika uamuzi pia, kana kwamba kazi mbili hizi ni moja.

Kifungu cha 45 cha sheria hiyohiyo kinakataza kutengua uamuzi kwa kasoro zisizosababisha kukosekana kwa haki. Mahakama zilitofautisha: kasoro ya uandishi huvumilika, lakini muundo wa Baraza unagusa mamlaka yenyewe. Kisheria msimamo huo ni imara. Ichukuliwe hata hivyo hali ya mjane aliyeshinda kibanja chake katika kata, akashinda tena wilayani, kisha baada ya miaka kadhaa akaambiwa kwamba ushindi wake ni batili kwa sababu katibu hakuandika majina ya wajumbe wanawake. Hakuna aliyesema kwamba kibanja si chake. Anatakiwa tu aanze upya.

Kasoro hizi zikitazamwa moja moja, karibu zote ni za aina mbili. Ama mjumbe hakuhudhuria, ama aliyehudhuria hakuandikwa. Ya kwanza ni kasoro ya posho: mkulima asiyelipwa haji msimu wa kupanda, na anayeletwa kujaza nafasi yake hakuisikia siku ya kwanza. Ya pili ni kasoro ya katibu asiye na mafunzo. Wala ya kwanza wala ya pili haiponywi kwa kumtaka mjumbe awe na cheti.

7.0 Ng'ambo ya Rusumo

Rwanda imelijibu swali hili kwa njia inayostahili kuangaliwa, hasa kwa kuwa iko umbali wa kuvuka daraja. Mahakama za Gacaca, ambazo waamuzi wake takribani robo milioni walichaguliwa mwaka 2001 kwa kigezo cha uadilifu, ziliendeshwa bila mishahara hadi zilipofungwa mwaka 2012. Kamati za wasuluhishi, abunzi, zilizopata msingi katika Katiba ya mwaka 2003, nazo ni za kujitolea. Lakini abunzi hupatiwa bima ya afya ya jamii pamoja na familia zao.

Faida ya bima juu ya posho ni ya kimuundo. Haitolewi kwa kila shauri, kwa hiyo haimpi msuluhishi sababu ya kuurefusha mgogoro. Haipiti mkononi mwa mdaawa. Nayo inabaki hata mwezi ambao hakuna aliyelalamika, mwezi ambao kwa kipimo cha usuluhishi ndio mzuri kuliko yote. Isichukuliwe kwamba mfumo wa Rwanda hauna matatizo. Ukaribu wa kamati hizo na uongozi wa serikali umeibua maswali yanayofanana na yale ya diwani na kamati yake. Lililo la kujifunza ni dogo na mahususi: kati ya mshahara, ambao halmashauri haiwezi kuumudu, na kutolipa kabisa, kuna nafasi.

8.0 Baada ya mwaka 2021

Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 5 ya mwaka 2021 iliyaondolea Mabaraza ya Kata mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi na kuyabakizia usuluhishi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya haliwezi kusikiliza shauri la ardhi mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba limeshindwa kusuluhisha. Ikiwa siku 30 zitapita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani bila cheti hicho.

Marekebisho haya yamepunguza batili za muundo, kwa kuwa hakuna tena uamuzi wa kata wa kutenguliwa. Lakini watu ni walewale, na posho ni ileile. Usuluhishi nao unahitaji wajumbe watatu waliofika, mwanamke mmoja akiwamo, na mara nyingi unahitaji miguu ya mtu juu ya mpaka wenyewe kuliko uamuzi ulivyohitaji, kwa kuwa hakuna anayekubali suluhu juu ya alama asizooneshwa. Kikao kisipofanyika kwa kukosa nauli, sheria haikitofautishi na kikao kilichofanyika kikashindwa. Siku 30 huhesabiwa vilevile.

Kwa hiyo mapendekezo yanayotokana na uchambuzi huu yanaihusu halmashauri kwanza, kabla ya Bunge. Gharama ya kutembelea eneo la mgogoro iondolewe kwa wadaawa na kuwekwa katika bajeti ya wilaya, hata kama ni kwa idadi ndogo ya safari kwa mwezi inayojulikana kwa wote. Wajumbe waingizwe katika mfuko wa afya ya jamii kwa muda wote wa ujumbe wao. Sharti la elimu liwekwe kwa katibu peke yake, pamoja na mafunzo mafupi ya kuandika kumbukumbu, ambayo Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kina uwezo wa kuyaandaa. Sifa za mjumbe zibaki kama zilivyo: ukazi, uadilifu, ujuzi wa mila na lugha ya mahali.

Endapo hayo hayatafanyika, kinachotarajiwa kinaweza kukadiriwa kutokana na sheria yenyewe. Mgogoro wa hatua mbili za minyaa utakaa katani siku 30, kisha utahamia makao makuu ya wilaya, mbele ya mwenyekiti anayelipwa na serikali na mawakili wanaolipwa na wateja wao. Mwenye kibanja atalipa nauli ya kila tarehe, yake na ya mashahidi wake.